Tulivyochagua Mlima wa Kuangukia

Mume wangu aliichukia baridi kama mtu anavyomchukia mchongezi aliyemvunjia nyumba. Majira yetu ya kwanza ya baridi Birmingham aliyapitisha ndani ya koti. Alilivua akienda kuoga tu, na kuoga kwenyewe kulikuwa jambo la kufikiriwa kwanza. Nyumba yetu ya Lozells ilikuwa katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana mabega, na joto lake lote lilitoka kwenye hita ya mafuta ya taa tuliyoiweka katikati ya sebule. Aliikumbatia hita ile mpaka suruali zake zote zikawa na alama ya kuungua kwenye mguu wa kulia. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba tutasafiri na watoto kwenda kutafuta theluji zaidi, nilimgusa paji la uso. Homa hakuwa nayo. Ugonjwa alikuwa ameupata Sutton Coldfield.

Alikuwa mchoraji wa ramani za vipuri katika kiwanda kimoja cha Aston, kazi ya meza iliyoinama na penseli iliyochongwa vizuri, siyo ya nyundo na grisi, na tofauti hiyo hakumwachia mtu yeyote wa kwetu aisahau. Mimi nilikuwa mkunga hospitalini. Tulikuwa na watoto wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa miaka minne, waliozaliwa hapo hapo Birmingham. Kiswahili walikisikia vizuri, lakini ukiwasemesha walikujibu kwa Kiingereza cha mtaani ambacho baba yao alikionea haya. Aliyetulelea watoto hao ni mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Unguja kututembelea kwa muda mfupi, na mpaka wakati huo hakuwa ameona sababu ya kuondoka.

Msimamizi wa mume wangu alikaa Sutton, kule ambako nyumba hazigusani na kila mtu ana mti wake. Tukaalikwa chakula cha jioni, sisi wawili, tukawaacha watoto na bibi yao. Tulikwenda kwa treni. Mume wangu alikuwa kafunga tai mpya iliyomkaba, na njia nzima alinifundisha mambo ya kutozungumza: siasa, dini, na habari za uzazi. Nikamuuliza sasa mkunga azungumze nini. Akasema nitabasamu.

Walitupikia samaki, kwa kutuheshimu, na samaki yule alichemshwa mpaka akasahau kama aliwahi kuishi baharini. Tulipokwisha kula, taa zikazimwa na pazia jeupe likateremshwa ukutani. Watu wa Sutton siku zile walikuwa na desturi hiyo: wakishakulisha, wanakuonyesha picha za safari zao, na huna pa kukimbilia. Basi tukatazama theluji ya Uswisi. Picha ya kwanza ilikuwa nyeupe na nukta nyekundu katikati. Mke wa msimamizi, bibi mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kupanga foleni za watoto, akatuambia nukta ile ni yeye. Katika picha ya pili nukta ilikuwa imehamia kushoto. Watoto wao walikuwa nukta ndogo zaidi. Msimamizi mwenyewe tulimwona kwa karibu, sura yake yote, lakini kila picha alikuwa amekaa mezani na kikombe mkononi.

Mume wangu alisifu kila picha. Taa zilipowashwa, yule bibi akatugeukia kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemhadithia kiwete habari za ngoma. Akasema bila shaka sisi tunalikosa sana jua letu, na kwamba mambo haya ya theluji watu wetu wasingeyaweza, miili yetu haikuumbwa hivyo.

Mume wangu aliweka kikombe chini. "Kwa kweli," akasema, "sisi tunakwenda mwaka huu. Pamoja na watoto."

Nilitabasamu, kama nilivyoagizwa. Msimamizi akauliza tunakwenda wapi.

"Bado tunachagua," akajibu mume wangu, na hilo ndilo neno pekee la kweli alilosema jioni ile.

Ndani ya treni nilimuuliza kama alikuwa na nia au alitaka tu kumnyamazisha yule bibi. Akaniambia ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nikamwambia muungwana huyo hawezi kutoka kitandani mpaka hita iwashwe. Mpaka tunashuka alikuwa akitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu cha kuona ila uso wake mwenyewe.

Jumamosi tulikwenda mjini kwa wakala wa safari, na watoto tukawachukua. Tulipokewa na kijana mwenye tai pana kama kitambaa cha meza. Kabla hatujafungua midomo alitutazama, akatutafutia safari aliyoona inatufaa, akaweka mbele yetu kijitabu chenye mnazi juu ya jalada. Akasema pwani ya Kenya sasa inapendwa mno, jua mwaka mzima, na wenyeji ni watu wakarimu wenye kucheka muda wote. Mume wangu, ambaye wakati huo hakuwa na dalili yoyote ya kucheka, alimwambia sisi tumezaliwa pua na mdomo na hapo. Kijana akafurahi. Akasema basi sisi wenyewe ni mashahidi. Ikabidi tumweleze mara mbili kwamba tunataka theluji, milima, na zile mbao za kufunga miguuni. Akawatazama watoto, akanitazama mimi, akauliza kama tuna hakika. Mwishowe akaingia chumba cha nyuma, akatoka na vijitabu vingi hata mvulana wetu akapata cha kukalia.

Ulikuwa mwaka wa migomo, umeme ukikatwa mtaa kwa mtaa, kwa hiyo milima ya Ulaya tuliisoma kwa mwanga wa mshumaa, makoti mwilini. Nilichokiona upesi ni kwamba ndani ya vijitabu vile kila mtu anacheka. Hakuna mtoto hata mmoja anayelia, hakuna mwenye kamasi. Mimi watoto nimewapokea wengi mno kuweza kudanganyika. Ukiona watoto kundi zima kwenye baridi na hakuna anayelia, ujue mpiga picha amewasubiri sana au amewahonga peremende.

Mume wangu aliita washauri. Mmoja alikuwa mzee wa kwetu Unguja aliyeuza vitambaa sokoni, na theluji kwake ilikuwa kitu kinachozuia wateja. Mwingine alikuwa Mkenya mmoja mwenye ndevu, mwanafunzi wa ualimu, ambaye siku za ujana wake alipanda Mlima Kenya mpaka kwenye kibanda cha kwanza, akaiona theluji kwa mbali, akateremka. Huyo akawa mtaalamu wetu. Walikaa kuizunguka hita, wakila visheti vya mama mkwe wangu na kuichambua milima ya Austria na Uswisi kama wanachambua wachumba. Huu mrefu lakini una kiburi. Huu mfupi, hauna asili.

"Mzee, theluji inataka juu," alisema yule Mkenya. "Hizi za chini utapata tope tu."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua tangu tumboni. Maana mlima wake alikwisha uchagua, na ushauri alioutaka ni wa kumuunga mkono. Ulikuwa ule ule wa msimamizi. Aliufungua ukurasa wake mara nyingi kiasi kwamba kijitabu kilijifungua hapo chenyewe. Hoteli ilikuwa na kinanda na wahudumu waliovaa glavu.

Mimi nikasoma maandishi madogo ya chini, yale yanayoandikwa ili yasisomwe. Skuli ya kuteleza ilipokea watoto wa miaka saba kwenda juu, kwa hiyo wetu wote wawili wangebaki nje. Hoteli ilikuwa bondeni. Kutoka hapo unapanda treni ndogo, kisha sanduku linalopita hewani juu ya kamba, kisha kiti kinachoning'inia ambacho hakisimami kukungoja. Nilijiona mimi nimekaa kwenye kiti hicho, mbao miguuni, mtoto wa miaka minne mapajani, chini yetu bonde lote la Uswisi, na mtoto ananiambia anataka kukojoa. Mtu ambaye hajapata kumvua mtoto nguo za theluji hajui habari hiyo. Unavua, unavua, na mtoto mwenyewe bado humpati, na ukimpata haja imekwisha kupita.

Kijitabu kilisema familia zinakaribishwa. Nikamuuliza mume wangu neno hilo lina maana gani. Akasema lina maana ya kukaribishwa. Nikamwambia sisi pia tunakaribishwa Sutton.

Basi siku moja, nikitoka zamu ya usiku, nilirudi kwa wakala peke yangu na sare yangu ya ukunga. Kijana wa tai pana aliiona sare akakaa wima. Waingereza wa wakati ule hawakuogopa kitu kama muuguzi. Nikamuuliza mtoto wa miaka minne atakaa na nani wakati ndugu yake yuko darasani. Akaniambia sehemu nyingi zina mazingira ya kirafiki kwa familia. Nikamuuliza huyo mazingira ni mwanamke wa umri gani, na amewahi kulea. Nikamuuliza toka kitandani mpaka kwenye mteremko ni mwendo gani, siyo kwa huyo bwana aliyechorwa jaladani, kwa mimi niliyebeba viatu vya watu wanne na mtoto aliyegoma kutembea. Nikamuuliza choo kiko wapi. Alianza kuandika. Mwishowe akainua simu, na nikamsikia akipaza sauti kuuliza habari za vyoo mpaka Austria.

Katika sehemu zote alizopiga, ile familia inayokaribishwa ilikuwa na maana ya kiti kirefu cha mtoto kwenye chumba cha kulia, na pengine kiti chenyewe kimevunjika. Palitokea mahali pamoja tu palipofaa. Kilikuwa kijiji kidogo cha Austria, cha wafuga ng'ombe. Mteremko wa watoto ulikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, ukiteleza unafika mlangoni. Skuli ilichukua watoto wa miaka sita. Kwa wadogo zaidi palikuwa na chumba chenye jiko la kuni na mwanamke wa kuwalea. Vyumba vya wageni vilikuwa na jiko lake, unajipikia. Kijana alinionya, kwa uaminifu ambao sikuutarajia, kwamba kijiji kiko chini na theluji yake si ya kuapia, afadhali twende Februari kuliko Desemba. Picha yake kijitabuni ilikuwa ndogo, na nusu yake ilikuwa zizi.

Mume wangu aliitazama picha ile kama mtu aliyeletewa posa na familia ya wachimba visima.

"Hakijulikani," akasema. "Nikiulizwa kiwandani nitasemaje?"

"Utasema ulikwenda na watoto."

Hapo tukagombana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya ukuta wa jirani, mpaka mama mkwe wangu aliyekuwa akishona pembeni akatuuliza hasa hawa watu wanafanya nini huko. Mwanawe akamweleza kwamba wanapanda mlima kwa mashine. Halafu? Halafu wanateremka. Halafu? Halafu wanapanda tena. Bibi akakata uzi kwa meno. Akasema wangekaa chini tangu mwanzo wangemaliza mapema.

Kisha akatoa hukumu. Yeye atakwenda, kwa kuwa wajukuu zake hawezi kuwaacha kwa mwanamke asiyejulikana kwao wapi. Na hatakula chungu kimoja na nguruwe, kwa hiyo anataka jiko lake. Na hizo hoteli za wahudumu wenye glavu hazitaki, mtu asiyeonyesha mikono yake wakati wa kukupa chakula ana lake jambo. Mume wangu kiwandani hakuwa na mtu wa kumbishia, na kwa mama yake vilevile. Ubishi wake wote aliniwekea mimi. Tukaenda kwenye kile kijiji cha ng'ombe.

Wiki zilizobaki alijisomea. Aliazima maktaba kitabu cha kufundisha kuteleza, akawa kila jioni anasimama sebuleni, magoti yamekunjwa, makalio nyuma, fagio mbili mkononi, akiyumba kushoto na kulia mbele ya hita. Jirani yetu, mama mmoja wa Kijamaika, alimwona dirishani. Kesho yake akaniita kando, akaniuliza kwa upole kama mgongo wa baba watoto umepata nafuu.

Tulikwenda kwa ndege mpaka Munich, kisha basi. Mama mkwe wangu alivaa nguo zake zote kwa pamoja, akakaa kwenye viti viwili. Kijiji tulikikuta kama kilivyo pichani, na harufu ya samadi juu yake, ambayo picha haikuisema. Nilikipenda hapo hapo. Mume wangu alishuka na kamera shingoni, akazunguka akitafuta kitu cha kupiga picha ambacho hakina ng'ombe.

Watu wa pale walitukodolea macho waziwazi, wazima na watoto, mikono kiunoni. Nakiri ilinipumzisha. Birmingham watu walitutazama kwa pembe ya jicho na ukigeuka wanasoma gazeti. Mwenye duka la mikate alituuliza kwa ishara kama sisi ni wanamuziki. Mume wangu akasema yeye ni mchoraji wa vipuri. Yule bwana akasikitika, lakini akatuuzia mkate.

Kuhusu theluji, mtaalamu wetu wa Mlima Kenya hakukosea sana. Juu ilikuwapo, nzuri na nene. Kuteremka chini ilipungua, na mwisho wa mteremko, pale karibu na mlango wetu, majani yalianza kutokeza na tope likakaa kama limealikwa.

Asubuhi ya kwanza mwalimu alitupanga. Wanaoanza wote walikaa kundi moja, wazazi na watoto. Mume wangu alijikuta amesimama nyuma ya binti yake katika mstari wa vitoto vya Kijerumani vilivyomfika kiunoni, akifundishwa kutembea kama bata. Alivumilia asubuhi ile. Mchana akasema kitabu chake kilikwisha kumvusha hatua hiyo, akaenda kwenye mteremko mkubwa wa pili.

Kule watu walivutwa kupanda kwa kamba yenye kigongo, unakiweka nyuma ya mapaja nacho kinakusukuma. Kitabu cha maktaba kilieleza namna ya kukishika. Namna ya kukiachia kilieleza kwenye ukurasa mwingine, na hakuwa ameufikia. Kamba ikampandisha. Ikapita pale wanaposhuka watu wa kiasi chake, ikapita pale wanaposhuka watu wanaojua, ikamfikisha juu kabisa, ambako bwana mmoja alizima mashine akamng'oa. Mimi nilikuwa chini na niliyaona yote. Alisimama juu kule muda mrefu. Kisha akakaa kitako, akazikumbatia zile mbao kifuani, na akateremka mlima wa Austria kwa suruali.

Haikuwa safari ya haraka. Alisimama njiani, akapumzika, akaendelea. Watu walimpisha kwa adabu. Chini, mlima ulipokutana na mteremko wa watoto, darasa la watoto likampita, mmoja nyuma ya mwingine kama vifaranga, na wa tatu alikuwa binti yetu. Alipunguza mwendo ubavuni mwake, akamwambia kwa Kiingereza chake cha Lozells, mbele ya kadamnasi, "Kunja magoti, baba." Akaenda zake. Mume wangu alimalizia kwenye lile tope mbele ya mlango, na alipoinuka nilielewa kwa nini wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yeye alitembea kinyumenyume mpaka ndani.

Kesho yake alirudi kwenye mstari wa bata.

Mvulana wetu alikataa mbao tangu mwanzo. Alipata ndoo ya ng'ombe, na siku zote tulizokaa pale alijaza theluji, akaimwaga, akajaza tena, na sijapata kumwona binadamu aliyeridhika na likizo kama yeye. Bibi yake alimfuata kwenye kile chumba cha jiko la kuni ili amkague yule mlezi. Alikaa pembeni kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaona mtoto mmoja wa Kijerumani amesimama juu ya meza, na mlezi anambembeleza ashuke. Mama mkwe wangu hakuamini katika kubembeleza. Akamwambia mtoto, "Kaa kitako." Mtoto akakaa. Wengine wote wakakaa.

Kuanzia hapo chumba kile kilikuwa chake. Mlezi mwenyewe, msichana mwekundu mwenye moyo mzuri na asiye na amri, alijifunza neno lile na kulitumia, kisha akaanza kuondoka mapema kwenda kuonana na mchumba wake. Jioni nikipita dirishani niliwaona watoto wa Munich wamekaa mduara, wanakula visheti, kimya kama wako chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani.

Na mimi nilianguka kama watu. Nilianguka mbele, nikaanguka nyuma, mara moja nikamwangukia padri. Lakini siku moja mchana mbao zilikaa sawa, upepo ukanipiga usoni, nikateremka mpaka chini bila kufikiri chochote. Kwa muda ule mfupi hapakuwa na mwanamke yeyote duniani aliyeningoja nimzalishe. Sikumwambia mume wangu. Angesema alijua tangu mwanzo.

Siku ya mwisho yeye naye aliteremka ule mteremko wa watoto wima, mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo ambao kuku angeweza kuupita. Aliponifikia alikuwa amelowa jasho na macho yanamng'aa. Aliniomba nimpige picha. Nilimpiga vizuri, na kwa kweli sikucheka.

Kiwandani alisema alikokwenda, na kama alivyohofia msimamizi hakuwa amepata kukisikia kijiji hicho. Lakini aliuliza habari za watoto, na mume wangu, ambaye sasa alikuwa na maoni juu ya vyoo, alimweleza yote: mteremko mlangoni, chumba cha wadogo, jiko la kujipikia. Msimamizi akayafikisha kwa mkewe. Hatukusikia zaidi.

Baada ya mwaka na zaidi kiwanda kilifanya karamu ya watoto wa wafanyakazi, keki na mchezaji mazingaombwe katika bwalo la chakula. Sote tulikwenda. Mke wa msimamizi akatujia na sahani mkononi, akatuambia kwamba majira yaliyopita wamegundua kijiji cha ajabu huko Austria. Hakuna anayekijua, akasema. Kwa watu wenye watoto wadogo hakina mfano, na sisi lazima siku moja tukijaribu. Alitusimulia jinsi mteremko unavyofika mlangoni. Alitusimulia zizi. Nilimsikiliza nikiwakumbuka wale mabwana tuliosomeshwa skuli, waliogundua maziwa ya Afrika ambayo ndani yake watu walikuwa wakiosha vyungu.

Akasema wenyeji wa kule wana lugha yao ya milimani, ya kale mno, hata Wajerumani hawaielewi. Mlezi wa watoto, kwa mfano, akitaka watulie hutamka neno la zamani la wachungaji. Akajaribu kulitamka. Lilitoka kama "kaki toko."

Mama mkwe wangu, aliyekuwa haelewi Kiingereza ila kile anachotaka, alinyanyua macho kutoka kwenye keki yake. Akaniuliza kwa Kiswahili huyu bibi anamwamrisha nani akae. Mke wa msimamizi akamwinamia binti yetu, akamuuliza bibi yake anasema nini. Binti yetu alikuwa amekwisha timiza miaka saba na alielewa kila kitu kilichosemwa pande zote mbili.

"Anasema asante," akajibu.

Nilimngoja mume wangu aseme. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na maneno tayari ya kumsaidia. Badala yake akamuuliza yule bibi, kwa makini na kwa heshima, kama theluji ya huko inatosha, na kama chini hakuna tope. Bibi akasema tope lilikuwapo kidogo, mume wake alilikalia. Mume wangu akamshukuru kwa ushauri. Njiani nilimuuliza kwa nini amemwachia. Akasema mtu akishakalia tope lako, umwachie na mlima.

Majira yale mahali pa kwenda alipachagua yeye peke yake, bila washauri na bila mimi. Ilikuwa Scotland, nyumba ya mawe chini ya mlima ambao kijitabu kilisema ni mrefu na una theluji ya uhakika. Mvua ilituanza stesheni, na siku zote haikukatika. Watoto walicheza karata na bibi yao, naye akawafunga wote na hakuwahurumia. Mimi nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata tangu nianze ukunga. Mume wangu alikaa dirishani na koti lake, akiutazama upande ambao mwenye nyumba alituambia mlima upo, na kila baada ya muda alisema mbingu inaanza kung'aa.